Tangi Lililochacha Mishomoroni

Wiki moja baada ya Idi, jiko la chuo kimoja cha bweni Mishomoroni, Mombasa, linalopikia gesi ya tangi la choo, lilikataa kushika moto. Kiberiti kikiwashwa, gesi ilitoka kwa sauti yake ileile, mwali ukaruka kidogo, ukatikisika, ukazimika. Bi mpishi alizibua matundu ya jiko kwa sindano, akabadilisha mpira, akafungua na kufunga valvu mpaka akachoka. Siku ya tatu akarudi kwenye mkaa, na ustadhi akanipigia simu.

"Mwanangu, hili tangi limekufa. Njoo utwambie tulifukie au vipi."

Nimeamua kukiandika kisa hiki chote kwa sababu tangi lile halikuwa limekufa. Lilikuwa limebadilisha kazi. Badala ya gesi ya kupikia lilikuwa likitengeneza asidi fupi za mafuta, zilezile ambazo viwanda hununua, na ambazo wataalamu wa maji taka wa nchi nyingi wamekuwa wakijaribu kuzivuna kutoka kwenye tope kwa makusudi. Chuo kilizipata bila kuzitaka. Kwa hiyo mbele yetu kulikuwa na maswali mawili: zimetoka wapi, na je, twaweza kuzitoa majini tukapata kitu cha maana?

Tangi lenyewe ni kuba la matofali lililozikwa uani, la mita 16 za ujazo. Kama mita 12 ni tope na maji, zilizobaki ni nafasi ya gesi. Vyoo vya wanafunzi vyaingia humo moja kwa moja, na makombo ya jikoni hutiwa kwenye mdomo wa pembeni. Chuo hakiko mbali na hori la Tudor, na kisima chake, kama visima vingi vya Mombasa vilivyochimbwa kwenye mwamba wa matumbawe karibu na bahari, kina maji ya chumvi. Kwa kawaida maji hayo ni ya kuoshea ua tu. Lakini mwaka huo maji matamu ya bomba yalikuwa ya mgao tangu mwezi wa Shaaban. Yalipokuja yaliwekwa ya kunywa, kupikia na kutawadhia, na vyooni yakaenda ya kisimani.

Nilipofika, harufu ilinipokea langoni. Zilikuwa harufu tatu, na ilinichukua muda kuzitenganisha. Ya kwanza yai viza. Ya pili siki. Ya tatu sikuijua jina mpaka Bi mpishi aliponisaidia, akisimama mlangoni mwa jiko na leso puani: "Hiyo ni harufu ya beberu. Mimi nimefuga mbuzi, siwezi kukosea." Hakukosea. Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul, aliyechambua siagi na mafuta ya wanyama mwanzoni mwa karne ya 19, alizipa asidi hizi majina kwa kufuata zilikotoka: asidi ya butiriki kwa neno la siagi, na asidi ya kaproiki kwa neno la Kilatini la mbuzi. Pua ya mpishi ilikuwa imesoma tangi lile kabla ya kipimo changu chochote.

Nikachota tope kwa kopo lililofungwa kwenye ufito mrefu. Hakuna aliyeruhusiwa kuinamia mdomo wa tangi, sembuse kuingia. Gesi ya yai viza, haidrojeni salfaidi, ikizidi huua hata uwezo wa pua kuinusa, na mtu huanguka akidhani hatari imepita. Karatasi ya pH, kipimo cha uchachu ambacho 7 ni katikati na chini yake ni asidi, ilionyesha 5. Nilipopeleka sampuli maabara, tukaipika, tukakusanya mvuke wake na kuupima kwa bureti, mrija wenye alama za vipimo, ikatoka karibu gramu 10 za asidi kwa kila lita. Kwa tangi zima la lita 12,000 hizo ni kama kilo 120 za asidi zilizolala chini ya miguu ya wanafunzi.

Zimezaliwaje?

Watu wa pwani tuna mfano wa karibu. Tembo la mnazi likigemwa asubuhi ni tamu, jioni ni kali, likiachwa siku kadhaa ni siki. Utamu haukupotea. Umehamishwa na vijidudu kutoka umbo moja hadi jingine. Tofauti ni kwamba siki ya tembo huhitaji hewa, na ndani ya kuba hakuna hewa. Huko chini kazi hugawanywa kwa makundi. Kundi la kwanza huvunja wanga, protini na mafuta kuwa vipande vidogo vinavyoyeyuka. La pili huvigeuza vipande hivyo kuwa asidi: asetiki yenye kaboni 2, propioniki yenye 3, butiriki 4, valeriki 5, na mara nyingine kaproiki yenye 6. La tatu huzikatakata asidi ndefu ziwe asetiki na haidrojeni. La nne, ambalo si bakteria hasa bali ni viumbe wa ukoo mwingine waitwao arkea, huzichukua hizo likatoa methani, na methani ndiyo inayowaka.

Shida ya ndoa hii ni mwendo. Watengenezaji wa asidi huongezeka kwa saa, arkea wa methani huongezeka kwa siku. Tena arkea hawa hupenda pH ya karibu 7, na ikishuka chini ya 6 hivi hulegea sana. Ukiwapa wa kwanza chakula chepesi kwa wingi, asidi hujaa, pH hushuka, wa mwisho hulegea, asidi isiyoliwa huzidi, pH hushuka tena. Gesi haikomi kutoka, kwa sababu watengenezaji wa asidi nao hutoa kaboni dioksaidi. Ndiyo maana Bi mpishi alisikia sauti ya gesi bila kuona moto. Kaboni dioksaidi haiwaki, na ikizidi huuzima mwali wa methani kidogo iliyobaki.

Mshukiwa wangu wa kwanza alikuwa chumvi. Nilikuwa na hakika naye kiasi kwamba nilianza kumweleza ustadhi kabla ya kupiga hesabu, na hapo nilikosea. Inajulikana tangu miaka ya 1960 kwamba sodiamu, iliyomo ndani ya chumvi, huanza kuwasumbua watengenezaji wa methani ikifika gramu 3.5 hadi 5.5 kwa lita, na ikifika 8 huwalemaza. Maji ya bahari yana kama gramu 10.8. Kipima chumvi kilisema kisima cha chuo kina kama robo ya chumvi ya bahari. Hata nikichukulia kwamba maji yote tangini yametoka kisimani, hiyo ni sodiamu ya gramu 2.7. Inakaribia kizingiti, haikivuki.

Aliyenivua kabisa dhana ile ni ustadhi mwenyewe. Akaniuliza swali moja: "Maji ya chumvi twayatumia tangu Shaaban. Ramadhani nzima futari ya watoto imepikwa kwa gesi hii hii. Kama ni chumvi, mbona ilingoja Idi?"

Nikauliza kulitokea nini siku ya Idi. Bi mpishi akacheka kwa haya. Pilau ilibaki. Tambi zilibaki. Majirani waliambiwa kwamba tangi la chuo lakula kila kitu, wakaleta na vyao: wali, mikate ya sinia, viazi, sharubati za watoto, sufuria kwa sufuria, kwa siku nne. Walifanya hivyo kwa nia njema, kwani hakuna aliyetaka neema ya Mungu itupwe jaani. Wanga uliopikwa na sukari ni chakula chepesi kuliko vyote kwa watengenezaji wa asidi. Kinyesi na tope la choo huvunjika polepole, siku baada ya siku. Wali uliopikwa huvunjika kwa saa. Kundi la kwanza na la pili lilipata karamu, na kundi la nne likazama ndani ya siki.

Chumvi hata hivyo haikuwa haina hatia kabisa. Maji ya bahari yana salfeti kama gramu 2.7 kwa lita, hivyo robo yake ni kama gramu 0.7. Kuna bakteria wanaopumua salfeti kama sisi tunavyopumua oksijeni, na pumzi yao ni ile gesi ya yai viza. Nao hula asidi. Lakini kwa salfeti kiasi kile hawawezi kula hata gramu moja ya asidi katika kila lita. Basi chumvi ndiyo iliyoleta yai viza, na nadhani ndiyo iliyokuwa ikivila vichwa vya jiko kwa kutu. Siki na beberu vilitoka kwenye wali. Harufu tatu, sababu mbili.

Swali la siki isiyo na mnunuzi

Dawa ya kawaida ya tangi lililochacha inajulikana: acha kulilisha, lirudishie pH, lipandikizie kinyesi kibichi cha ng'ombe ambacho kimejaa arkea wa methani, kisha subiri. Nilikuwa tayari kuiandika dawa hiyo na kwenda zangu. Ustadhi akanizuia. "Wasema hii ni asidi, na asidi huuzwa. Sasa wataka tuiue? Nifahamishe kwanza thamani yake."

Ni swali la haki, na limenilaza macho usiku zaidi ya mmoja.

Thamani ipo kweli. Asidi ya asetiki hutumika kwenye rangi, gundi, nguo na vyakula. Butiriki na kaproiki huingia kwenye manukato na ladha za viwandani, na kaproiki huongezwa kwenye chakula cha mifugo kupambana na vijidudu vibaya. Kadiri mnyororo wa kaboni unavyorefuka, ndivyo bei inavyopanda. Mchanganyiko wa asidi hizi pia ni chakula cha bakteria wanaojiwekea akiba ya plastiki mwilini, kama ngamia anavyoweka mafuta kwenye nundu. Plastiki ya namna hiyo iligunduliwa na Mfaransa Maurice Lemoigne katika miaka ya 1920, nayo huoza udongoni. Katika nchi iliyopiga marufuku mifuko ya plastiki mwezi Agosti 2017, wazo hilo lavutia. Tena mitambo mikubwa ya maji taka inayoondoa nitrojeni huhitaji chakula cha kaboni kwa bakteria wake, na mingi hununua methanoli au asetiki kwa ajili hiyo tu, ilhali tope lao lenyewe lingeweza kuitoa.

Kwa hiyo ustadhi hakuwa akiota. Kikwazo ni maji.

Fikiria gramu 10 za asidi ndani ya lita moja. Ili upate kilo moja ya asidi, lazima ushughulike na lita 100. Asidi ya asetiki huchemka kwenye nyuzi 118, maji kwenye 100, basi ukipika ni maji yanayotangulia kuondoka, tena mengi. Kuvukiza lita moja ya maji hula megajuli 2.26 za nishati, bila kuhesabu kuyapasha kwanza. Lita 100 ni megajuli 226. Mkaa mzuri una kama megajuli 30 kwa kilo, na jiko la mkaa likipeleka theluthi ya moto kwenye sufuria limejitahidi. Hiyo ni zaidi ya kilo 22 za mkaa kwa kilo moja ya asidi chafu, ya kahawia, ambayo, hata ingekuwa asetiki tupu, ukiichoma yenyewe haitoi hata megajuli 15. Kwa kilo 120 zilizokuwa tangini tungehitaji zaidi ya tani mbili na nusu za mkaa. Nilimwandikia ustadhi hesabu hii nyuma ya karatasi ya madrasa, naye akaipitia mstari kwa mstari kwa kalamu nyekundu, kama anavyosahihisha imla za watoto.

Zipo njia nyingine za kuitoa: kuivuta kwa vimiminika visivyochanganyika na maji, kuipitisha kwenye utando kwa nguvu ya umeme, kuinasa kwenye chembe za resini. Zote zataka majimaji yaliyochujwa vizuri, na tope la choo huziba kila kitu. Tena kuna mgongano ambao kila anayeshika kazi hii hukutana nao. Tope hutoa asidi nyingi zaidi likifanywa kuwa na pH ya juu, karibu 10. Timu ya watafiti wa Kichina ilionyesha hivyo mwaka 2006, na wengi wamelirudia jaribio lile tangu hapo. Arkea wa methani hawaiwezi pH hiyo, na chembe za tope hufunguka. Lakini asidi ikiwa kwenye pH 10 huwa si asidi tena, ni chumvi yake. Haigeuki mvuke, haivutwi na mafuta, imeshikana na maji kabisa. Kuirudisha iwe asidi yataka pH ishuke chini ya 4.8 hivi, yaani umwage asidi kali ya kununua ili upate asidi hafifu ya kuuza. Ukishatia chokaa kwanza kuipandisha pH, na asidi ya salfuriki baadaye kuishusha, ulichotengeneza kwa wingi ni jasi.

Hapo ndipo nilipoanza kuiona kazi hii kwa jicho jingine, na sijarudi nyuma. Ukitaka kuvuna kitu kwenye maji taka bila mtaji wa kiwanda, tafuta kitu kinachoondoka majini chenyewe. Methani huondoka yenyewe, hububujika na kupanda. Ndiyo maana mji wa Exeter huko Uingereza uliweza kuwasha taa kwa gesi ya tangi la maji taka mwaka 1895, wakati sayansi ya vijidudu hivi bado ilikuwa changa. Asetiki haiondoki. Na kaproiki? Kaproiki ndiyo iliyonifanya nirudi Mishomoroni kila Alhamisi.

Beberu pipani

Asetiki huchanganyika na maji bila kikomo. Kaproiki, kwa mkia wake mrefu wa kaboni, haipendi maji. Lita moja hubeba kama gramu 10 tu, na ikizidi hapo, katika pH ya chini, huelea juu kama mafuta na unaweza kuiengua kwa upawa. Basi badala ya kupigana na maji, wape vijidudu kazi ya kurefusha mnyororo.

Bakteria maarufu zaidi wa kazi hiyo ni Clostridium kluyveri. H. A. Barker, Mmarekani, aliipata kwenye matope ya mfereji wa Delft, Uholanzi, alipokuwa kwenye maabara ya Albert Kluyver katika miaka ya 1930, na akaipa jina la mwenyeji wake. Huchukua asetiki na pombe ya ethanoli, ikaunga kaboni mbilimbili: 2 ikawa 4, 4 ikawa 6. Nilipolifahamu hilo, akili yangu ilikwenda moja kwa moja mangweni. Mombasa na vitongoji vyake kuna tembo linalochacha kila siku na kumwagwa kwa sababu hakuna anayelinunua likipitiliza. Ethanoli ya bure! Nikamweleza ustadhi kwa furaha.

Akaninyamazia kwa muda. Kisha akasema kwa upole, "Tembo haliingii ua huu, mwanangu. Hata kwa pipa la choo."

Sikubishana, na wala sioni kwamba alikuwa akizuia elimu. Ua ni wa chuo, na mzazi aliyemleta mwanawe kusoma Qur'ani hapaswi kumkuta mgema langoni. Akanifungulia na jambo ambalo sikuwa nimelifikiria. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi pwani, pombe ikigeuka siki yenyewe bila kutiwa kitu, hutwaharika. Mlango huo, kwa maoni yake, hauwi mpana kiasi cha kupitisha siki ya choo. Maana yake kibiashara ni nzito: hata tungeivuna kaproiki safi kabisa, kwa wateja wa hapa isingekwenda kwenye ladha ya chakula wala kwenye marashi ya mtu anayeswali. Ingebaki ya viwandani tu. Wanaopanga miradi ya namna hii kwa miji yetu wangefanya vyema kumuuliza mtu kama yeye kabla ya kununua mashine.

Lakini Bi mpishi alikuwa ameshanusa beberu, na tembo halikuwamo. Pombe ilitoka wapi? Jibu ni kwamba haikuhitajika. Wapo bakteria wanaorefusha mnyororo kwa kutumia asidi ya laktiki, ile ya maziwa lala na uji uliochachuka. Mmoja wao, Megasphaera elsdenii, huishi tumboni mwa kondoo na ng'ombe. Wali wa Idi ulipovunjika ulitoa laktiki, na laktiki ikawa ndiyo mshipi uliounga kaboni. Tangi lilikuwa limefanya lenyewe kile nilichotaka kukifuata mangweni.

Tukajaza mapipa matatu ya buluu, ya lita 200, kwa tope la tangi, tukayapanga chini ya mkwaju nyuma ya bweni. La kwanza tuliliacha kama lilivyo. La pili tulilitia chokaa mpaka pH 10. La tatu tulililisha kikombe cha wali uliolowekwa kila siku, tukilinda pH isishuke chini ya 5.5 kwa chokaa kidogo kidogo.

La pili lilikuwa kosa la ujirani. Kwenye pH 10 amonia ya mkojo hugeuka gesi, na nyumba ya tatu wakaja kuuliza kama tunachoma nywele. Tulilifunika kwa karatasi ya nailoni na mchanga. Lilikuwa na faida moja: baada ya siku chache tope lilizama, juu kukabaki maji ya rangi ya chai, kwa sababu kalsiamu hugandanisha chembe za tope. Ingekuwa sodiamu, yangebaki uji.

La kwanza halikufanya jambo la kusimulia.

La tatu ndilo lililotukimbiza. Wiki ya pili harufu ya beberu ilikuwa kali hata wanafunzi wakaliita pipa hilo "zizini". Wiki ya tatu mmoja wao, kijana anayependa kemia kuliko wenzake, alikuja akikimbia: kuna mafuta yanaelea! Kweli, utando wa njano ulikuwa juu. Moyo ulinidunda. Tukachota kijiko cha utando ule tukautia kwenye maji ya magadi. Kaproiki ingekutana na magadi ingegeuka chumvi yake, ikayeyuka, na harufu ingetulia. Utando haukuyeyuka. Ulikuwa mafuta ya pilau.

Nilimwona kijana anavyoishiwa nguvu, nami niliishiwa pia. Lakini nilimwambia nitakachokuambia na wewe msomaji: pua ya binadamu huinusa kaproiki ikiwa chembe chache mno. Kati ya harufu kuwepo na gramu 10 kwa lita kupita, ili mafuta yaelee, kuna safari ndefu. Tena asidi hii ikijaa huwaua hao hao wanaoitengeneza, kwa hiyo wanaofanikiwa huitoa mfululizo inapozaliwa, hawasubiri ijikusanye. Pipa lililofunikwa haliwezi hilo.

Kulirudisha tangi

Wakati mapipa yakiendelea, Bi mpishi alikuwa akipikia watoto kwa mkaa, na mkaa una bei. Kwa hiyo tangi lilihitaji kurudi kazini.

Chaguo la kwanza la kila mtu lilikuwa magadi. Yako dukani, ni ya hapa Kenya, ni laini kwa mkono. Hesabu ikakataa. Kwenye pH 5 kama asilimia 60 ya asidi imeshashikwa na amonia na madini ya tope, na asilimia 40 ndiyo iliyo huru. Kuituliza hiyo kwa magadi kungeongeza sodiamu ya gramu 1.5 kwa lita. Jumlisha na 2.7 ya kisimani, tayari ni 4.2. Chumvi ambayo mwanzo niliishuku bure, sasa ningeifanya iwe na hatia kwa mkono wangu. Tukachagua chokaa: si chini ya kilo 30 kwa tangi zima, na kwa vitendo ikazidi, maana kaboni dioksaidi iliyo majini nayo hula chokaa. Tuliikoroga na maji, tukaitia kidogo kidogo kwa siku nyingi, glavu mikononi na miwani machoni. Ukiitia kwa pupa hunyonya gesi iliyo juu na kuba hubaki na mvuto wa ndani unaoweza kupasua plasta. Pia tuliacha kuiongeza pH ilipokaribia 6.8, kwani zaidi ya hapo chokaa yote hugeuka mawe. Jirani mwenye ng'ombe akatoa mitungi kumi ya samadi mbichi. Vyoo viliendelea. Makombo yakakoma kabisa.

Wiki ya tano mwali ulisimama, wa buluu, bila kutikisika. Bi mpishi hakuniita mimi, alimwita ustadhi kwanza, wakasimama wote wawili wakiutazama.

Sasa zile kilo 120 za asidi. Kila kilo ya asetiki ikipita kwa arkea hutoa kama mita 0.37 za ujazo za methani. Zikihesabiwa zote kama asetiki zingefika kama mita 45, moto unaokaribia mitungi sita ya gesi ya kilo 6. Haikuja yote, wala haikuja kwa wiki moja, lakini asidi ile ambayo tungeiteketezea tani za mkaa kuitoa majini ilitoka yenyewe kupitia bomba na kupika maharagwe.

Leo makombo hayaendi tangini moja kwa moja. Yalowekwa kwenye mapipa mawili chini ya mkwaju kwa siku tatu, yachache huko nje kwa makusudi, kisha mtungi mmoja asubuhi na mmoja jioni huingia kwenye kuba. Kijana wa kemia hupima pH ya tangi kila siku na kuiandika ubaoni karibu na ratiba ya swala. Ikishuka chini ya 6.8, mtungi wa jioni husubiri. Idi iliyofuata majirani walileta sufuria zao kama kawaida. Zilipokelewa zote, zikajaza mapipa, zikaliwa na tangi kwa muda wa wiki tatu.

Kuhusu asidi yenyewe kama bidhaa, maoni yangu ni haya. Ua wa chuo si mahali pake. Mahali pake ni pale tope la mji linapokusanyika kwa wingi, kama kwenye mtambo wa maji taka wa Kipevu, Mombasa, penye umeme, wachujaji na mtu wa zamu usiku, na hata huko ningeanza kwa kuitumia majimaji vilevile yalivyo, kuwalisha bakteria wanaoondoa nitrojeni kabla maji hayajaingia horini, kabla sijafikiria kuiuza kwenye chupa. Joto letu, ambalo kwa wastani wa mwezi halishuki sana chini ya nyuzi 24 mwaka mzima, ni mtaji ambao mitambo ya Ulaya hulipia fedha nyingi kuupata.

Pipa la tatu hatujalimwaga. Tumelitoboa ubavuni na kulifungia bomba dogo, ili majimaji yatoke kidogo kila siku na mapya yaingie, na bombani tumeweka chupa ya mafuta ya nazi tuone kama kaproiki itakubali kuhamia humo. Alhamisi iliyopita nilifungua chupa hiyo. Mafuta yalikuwa yakinuka nazi na beberu kwa pamoja. Nimechukua nusu yake kwenda kuipima.